Mjamzito na Safari ya Ziwani: Mambo ya Kupanga Kabla ya Kupanda Boti

Mama mwenye mimba anaweza kusafiri kwa maji. Jibu hili tulitoe mapema, kwa kuwa akina mama wengi wa Butembo, Beni na Lubero huuliza kwa hofu, na mara nyingi hukatiwa neno na jirani: "Usithubutu, mawimbi yatakutoa mimba." Mawimbi ya kawaida hayamtoi mtoto tumboni. Mtoto amezungukwa na maji yake mwenyewe, tena amekingwa na ukuta wa nyumba ya uzazi.

Sababu za kusafiri ni nyingi na ni za kweli. Kuna mama anayeshuka Kamandi au Kyavinyonge, ukingoni mwa ziwa Edward, kununua samaki au kumfuata mume anayevua. Kuna anayevuka ziwa Kivu kati ya Goma na Bukavu kwa ajili ya msiba, harusi au matibabu. Kuna mfanyabiashara anayefika Kampala au Dar es Salaam na huko akalazimika kupanda feri. Kwa wote hao hatari iko mahali pamoja: kuwa mbali na mkunga saa anapohitajika. Kwa hiyo kila utakapopanga safari, jiulize swali hili kwanza: dalili mbaya ikinitokea njiani, itachukua muda gani hadi nifike kwa mtu anayejua kuzalisha?

Mimba ya umri gani inafaa kusafiri?

Wauguzi huhesabu mimba kwa wiki, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Mimba nzima ni wiki 40 hivi. Kama hukumbuki tarehe, kipimo cha ekografia (picha ya mtoto tumboni) kinaweza kukadiria, na makadirio hayo huwa mazuri zaidi kikifanywa mapema.

Katika wiki 13 za kwanza kichefuchefu huwa kikali, na boti inayoyumba hukizidisha. Tena ndicho kipindi ambacho mimba nyingi zinazoharibika huharibika, mama awe safarini au awe nyumbani. Kuanzia wiki ya 14 hadi ya 27 ndiyo nafasi nzuri: nguvu zimerudi, tumbo bado halijalemea. Kuanzia wiki ya 28 miguu huvimba, mgongo huuma, na uchungu wa mapema si jambo la kushangaza. Baada ya wiki ya 36, kaa karibu na hospitali utakayojifungulia.

Kampuni nyingi za meli za kitalii, zile kubwa zinazozunguka baharini kwa siku nyingi, humkataa abiria ambaye mimba yake itafika wiki ya 24 kabla safari haijaisha. Meli hizo zina daktari na zahanati, lakini hazina vifaa wala wataalamu wa kumtunza mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, na huenda bandari ikawa mbali kwa siku nzima. Sasa pima: ikiwa meli yenye daktari inajihadhari hivyo, mtumbwi wa injini wa ziwa Edward usio na hata muuguzi unastahili tahadhari isiyopungua hiyo. Kama utakuwa majini kwa zaidi ya saa chache, au kama unakokwenda hakuna hospitali inayofanya upasuaji, wiki ya 24 iwe mpaka wako pia. Kama unavuka kwa muda mfupi kwenda kwenye mji wenye hospitali kubwa, muuguzi wako anaweza kukuruhusu zaidi ya hapo.

Kama sehemu ya safari yako ni kwa ndege, mashirika mengi hukubali mimba ya mtoto mmoja hadi wiki ya 36 na ya mapacha hadi wiki ya 32, na kuanzia wiki ya 28 hutaka barua ya daktari. Uliza sharti la kampuni yako kabla ya kulipa tiketi.

Nani asisafiri kabisa?

Ahirisha safari kama unatokwa damu ukeni, kama shinikizo la damu liko juu, kama una upungufu mkubwa wa damu, au kama umeambiwa kondo la nyuma limeshuka na kuziba mlango wa uzazi. Zungumza na daktari kwanza kama una mapacha, kama uliwahi kuzaa kabla ya wakati, au kama ulipasuliwa katika uzazi uliopita. Mwenye kovu la upasuaji hapaswi kukutwa na uchungu mahali pasipo chumba cha upasuaji, hata kama anajisikia mzima.

Nianzie wapi?

Anzia kwenye CPN, yaani siku ya kupima mimba katika kituo chako cha afya. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonane na mhudumu wa afya angalau mara nane katika mimba moja. Panga mojawapo iwe wiki moja au mbili kabla ya kuondoka. Siku hiyo upimwe shinikizo la damu, damu na mkojo, na usikilizwe mapigo ya moyo ya mtoto. Mwambie muuguzi wazi: unakwenda wapi, kwa chombo gani, utakaa siku ngapi. Mwombe aandike kundi lako la damu kwenye fishi, ile karatasi ya CPN.

Fishi hiyo usiiache nyumbani. Ukifika hospitali usiyojulikana, ndiyo itakayomweleza mkunga historia yako ukiwa huna nguvu ya kusema. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki isilowe, uipige picha na kuihifadhi katika simu yako na ya ndugu mmoja.

Uliza pia hospitali ya rufaa iliyo karibu na unakokwenda. Anayetoka Butembo anazijua Kitatumba, Katwa na Matanda. Goma kuna HEAL Africa, Kyeshero na hospitali ya mkoa. Bukavu kuna Panzi, iliyoanzishwa na Dokta Denis Mukwege mwaka 1999, na hospitali kuu ya mkoa. Ukivuka Kasindi kuingia Uganda, hospitali ya Bwera iko karibu na mpaka wa Mpondwe. Kwa vijiji vya pwani ya ziwa Edward, usikisie: muulize muuguzi wako kituo kipi kinafanya kazi sasa na wagonjwa wazito hupelekwa wapi.

Malaria: jambo ambalo watu wa milimani husahau

Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Lubero iko juu zaidi. Baridi yake hupunguza mbu. Ziwa Edward liko kwenye mita 900 hivi, kuna joto, na mbu ni wengi. Mama aliyezoea milima hushuka huko akiwa na kinga ndogo dhidi ya malaria, na mimba huipunguza zaidi. Malaria kwa mjamzito huweza kumaliza damu, kuleta uzazi wa mapema au kumfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo.

Fanya mambo matatu. Kwanza, beba chandarua chako chenye dawa na ulale ndani yake kila usiku, hata ukiwa mgeni wa watu. Pili, uliza kama umefikia zamu ya SP, zile tembe tatu zinazomezwa pamoja mbele ya muuguzi ili kukinga malaria. Hutolewa baada ya wiki ya 13, na kati ya zamu moja na nyingine upite angalau mwezi mmoja. Anayetumia dawa ya Bactrim kila siku hapewi SP. Asisite kulisema hilo. Tatu, homa ikikushika huko au hata wiki kadhaa baada ya kurudi, nenda ukapimwe siku hiyohiyo.

Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli inatosha. Usimeze ibuprofeni wala diklofenaki bila kuambiwa na daktari, kwa maana zinaweza kumdhuru mtoto. Maji ya kunywa yawe yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa, usinywe ya ziwani, kwa sababu kipindupindu si kigeni kwenye fukwe zetu. Na nawa mikono kwa sabuni kila unapoweza. Watu wa Mangina, Beni na Butembo walijifunza hilo kwa uchungu wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020; tusiliache.

Nitafanyaje boti ikinichafua moyo?

Kula kidogo kabla ya kupanda: ndizi, mkate mkavu au viazi vya kuchemsha. Tumbo tupu hutapisha, na tumbo lililojaa vyakula vya mafuta hutapisha vilevile. Kaa katikati ya chombo, mahali panapoyumba kidogo, mbali na moshi wa injini. Tazama mbali kwenye upeo wa maji au milima, usiangalie simu. Tangawizi, ya kutafuna au ya chai, huwasaidia wengi. Zipo tembe za kuzuia kutapika ambazo mjamzito anaweza kutumia, lakini zichague pamoja na muuguzi, usinunue ovyo bandarini. Ukitapika, rudishia maji kwa kunywa kidogo kidogo.

Safari ikizidi saa mbili, usikae umekunja miguu wakati wote. Mimba huifanya damu igande kwa urahisi, na kukaa bila kujongea huongeza hatari hiyo. Nyanyua visigino na vidole vya miguu mara kwa mara. Boti ikiwa kubwa na imetulia, simama utembee hatua chache ukishika kitu imara. Usibane mkojo, na usijinyime maji kwa kuogopa kukojoa.

Nichague boti ipi?

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iitwayo Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, watu wa nchi kavu wakiiona. Makumi ya abiria walikufa. Ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake. Wengi walikuwa wakipita ziwani kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara. Mjamzito anayeanguka majini huchoka upesi kuliko wengine, kwa hiyo usikubali kuharakishwa.

Kabla ya kulipa, tazama. Je, maji yamekaribia ukingo wa chombo? Je, mizigo imepangwa juu ya watu? Je, kuna jile, yaani koti la kuelea, kwa kila abiria? Jibu moja likiwa baya, subiri chombo kingine. Safiri mchana, na heri asubuhi, kwani alasiri upepo huamka mara nyingi. Kwenye ziwa Edward, usishuke ukingoni gizani wala kupandia kando ya majani marefu: viboko hutoka majini kwenda malishoni saa hizo.

Jile uivae tangu mwanzo na usiivue hadi ushuke. Chagua inayokutosha kifuani. Mikanda ya juu uikaze vizuri, wa chini upite chini ya tumbo au uachwe ulegee kidogo, usibane tumbo lenyewe. Kama ni ndogo na haifungi, omba kubwa zaidi. Jile iliyo wazi hukuponyoka majini.

Kati ya Goma na Bukavu, boti za mwendo huchukua muda wa saa mbili hadi tatu au zaidi kidogo. Meli kubwa huenda polepole, nyingine usiku kucha. Boti ya mwendo hupunguza muda wa kuwa mbali na hospitali, lakini hupigapiga mawimbi. Meli kubwa hutulia na ina nafasi ya kulala. Katika miezi ya mwisho, mtikisiko mkali haufai: siku ya upepo chagua meli, siku ya utulivu boti ya mwendo inatosha. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar atakaa kwenye feri ya mwendo kwa saa mbili hivi. Ajue kuwa wakati wa upepo wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka zaidi.

Na barabara ya kufika bandarini?

Mara nyingi barabara ndiyo sehemu ngumu kuliko maji. Kwenye gari, mkanda wa chini upite chini ya tumbo juu ya mapaja, wa juu upite kati ya matiti na kando ya tumbo. Simameni mara kwa mara unyooshe miguu. Pikipiki uiepuke kadiri unavyoweza. Pasipo njia nyingine, mpate dereva mmoja mnayemfahamu, aende taratibu, abebe mtu mmoja tu na asibebe mzigo, nawe vaa kofia ya chuma.

Usalama ubadili mpango wako bila aibu. Waasi wa M23 waliichukua Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, kisha Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata. Tangu hapo njia ya kusini, ile ya kwenda Goma na Bukavu, haina uhakika. Kabla ya kuondoka, sikiliza redio, piga simu kwa mtu aliyepita njia hiyo wiki hiyohiyo, na uulize pia kama kuna njia ya kurudi. Mjamzito aliyekwama upande wa pili kwa mwezi mmoja amehama kutoka wiki ya 30 hadi ya 34 bila kutaka.

Mpakani nitadaiwa nini?

Beba kitambulisho na hati ya kusafiria inayokubaliwa mpakani. Ofisi ya DGM, inayosimamia uhamiaji, itakueleza ipi inatosha. Utadaiwa pia kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Kama uliwahi kuchanjwa, kadi yako haiishi muda: tangu 2016 inatambuliwa kwa maisha yote. Kama hujachanjwa, usikimbilie sindano. Chanjo hiyo imetengenezwa kwa kirusi hai kilichodhoofishwa, na kwa kawaida mjamzito huahirishiwa, isipokuwa daktari akiona hatari ya ugonjwa wenyewe ni kubwa. Mwombe daktari barua ya msamaha yenye mhuri, na uulize mapema kama itapokelewa mpakani. Na usikubali kamwe kununua kadi bila kuchanjwa.

Niandae pesa kiasi gani?

Bei hupanda na kushuka kulingana na mafuta, njia na msimu, kwa hiyo uliza bei ya wiki hiyo na upange pesa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la nauli ya kwenda na kurudi, yako na ya msindikizaji. Usisafiri peke yako baada ya wiki ya 28. Fungu la pili ni la chakula na malazi, pamoja na siku tatu za ziada kama boti itachelewa. Fungu la tatu ndilo wengi hulisahau: la kujifungua ugenini. Pigia simu hospitali ya huko uulize forfe, yaani bei ya mkupuo, ya kuzaa kawaida na ya upasuaji. Fungu hili liwe sawa na bei ya upasuaji, na usiliguse kwa biashara.

Kwa kawaida chandarua, SP na vidonge vya kuongeza damu havilipiwi kwenye CPN. Uliza kabla ya kutoa pesa. Ekografia na barua ya daktari huwa za kulipia. Kama umo katika mituweli, yaani chama cha kuchangiana matibabu, uliza kama inalipa nje ya zone yako ya afya. Beba noti safi za dola, kwani iliyochanika hata kidogo hukataliwa, na franka kwa matumizi madogo. Usitegemee pesa za simu pekee: laini ya Kongo inaweza isikutolee pesa ukiwa Uganda au Tanzania.

Nibebe nini?

Pamoja na fishi, chandarua na dawa zako, beba furushi dogo la uzazi kama umepita wiki ya 24: vikwembe viwili safi, kipande cha sabuni, glavu, wembe mpya ambao haujafunguliwa, uzi safi au kibano cha kitovu, na kofia ya mtoto. Muuguzi atakuonyesha vya kununua. Ongeza sweta, maana usiku ziwani kuna baridi.

Dalili zipi zinanitaka nitafute hospitali mara moja?

Kutokwa damu. Maji kukatika. Maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio. Kichwa kuuma sana, macho kuona giza au vimulimuli. Uso na mikono kuvimba ghafla. Degedege. Homa. Mtoto kucheza kidogo kuliko kawaida au kuacha kabisa, kama ulikwisha kuzoea kumsikia. Hata moja tu inatosha. Usingoje asubuhi wala kumsubiri mume apokee simu.

Uchungu ukianza ukiwa majini, mwambie nahodha papo hapo aelekee kwenye kituo cha afya kilicho karibu zaidi, hata kama si mwisho wa safari. Lala kwa ubavu wa kushoto. Waombe akina mama walio chomboni wakusitiri, na uulize kama kuna muuguzi au mkunga. Mtoto akitoka, asivutwe. Akaushwe haraka kwa kikwembe safi, alazwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, afunikwe pamoja na kichwa, apewe titi. Kitovu kisikatwe kwa kisu kilichopo wala wembe uliotumika. Kama nchi kavu iko karibu, mtoto na kondo vifike vikiwa vimeungana. Kondo lisivutwe. Damu ikizidi, kumnyonyesha mtoto na kukanda tumbo la chini kwa nguvu ya kiasi husaidia nyumba ya uzazi kukaza, huku boti ikiharakishwa.

Kwa mume na familia

Mama asiachiwe uamuzi huu peke yake, wala asiamuliwe bila kuulizwa. Kama msiba au harusi inamwita na wiki zimekwenda, familia imruhusu kubaki bila lawama. Atume salamu na mchango. Kama ni lazima aende, mtu mmoja amsindikize, na mwingine abaki nyumbani akiwa na namba ya simu ya boti, ya hospitali ya huko na ya muuguzi wa hapa.

Siku ya CPN ijayo, nenda na maswali matatu: mimba yangu ina wiki ngapi leo na siku ya kurudi itakuwa na ngapi, je, kuna jambo kwenye fishi yangu linalonikataza, na hospitali ya upasuaji iliyo karibu na ninakokwenda ni ipi. Ukipata majibu yote matatu na hakuna linalokuzuia, kata tiketi. Likikosekana hata moja, safari isubiri mpaka lipatikane.